Jina Jema Hung'ara Gizani: Jinsi ya Kuchagua Anwani ya Filamu

Sote tunalijua lile swali la fasihi: "Jadili ufaafu wa anwani." Kila mara tunajadili anwani zilizochaguliwa na watu wengine. Mwaka huu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliingia upande wa pili. Tulikuwa na filamu iliyokamilika lakini haina jina! Ningependa kuwagawia tuliyojifunza.

Filamu yetu ni ya dakika kumi, na tuliipiga kwa simu ya mwalimu mlezi. Inawahusu Mutua na Barasa, wanafunzi wa shule ya kutwa kama sisi. Ni msimu wa mvua nao wana mwavuli mmoja mdogo. Mutua anatumwa nyumbani kuleta karo. Kila jioni Barasa anampelekea madaftari ili asiachwe nyuma, na Mutua naye anamfundisha Barasa hesabu.

Anwani ya kwanza kupendekezwa ilikuwa "Urafiki wa Kweli". Haina kosa, lakini unaweza kuibandika kwenye filamu yoyote ya marafiki. Ni kama sare ya shule: humfaa kila mtu wala haimtambulishi mtu.

Ya pili ilikuwa "Akufaaye kwa Dhiki Ndiye Rafiki". Methali tamu, lakini inamaliza hadithi kabla haijaanza. Mtazamaji ataketi kungojea nini tena? Hebu tumtazame marehemu Ken Walibora katika riwaya yake ya Siku Njema (1996). Methali yasema siku njema huonekana asubuhi. Yeye alichukua maneno mawili tu, akatuachia swali. Asubuhi ya maisha ya Kongowea ilijaa taabu, basi hiyo siku njema iko wapi? Inabidi usome ujue.

Ya tatu ilikuwa yangu: "Rafiki Maskini". Nilipigiwa makofi nikavimba kichwa. Lakini mwenzetu aliyeigiza Mutua hakupiga. Alisema polepole, "Hata mimi nilitumwa karo muhula uliopita. Mkibandika bango hilo getini, nitaitwa hivyo mpaka nimalize kidato cha nne. Na zile hesabu Mutua alizofundisha, mmeziweka wapi?"

Nilinyamaza kama maji mtungini. Kusema kweli, sikuwa nimefikiria. Anwani yangu ilimwona Mutua kama mtu wa kuhurumiwa tu, na urafiki si huruma ya mmoja kwa mwingine. Marafiki hupeana. Mwalimu akatukumbusha filamu ya Kenya iitwayo Supa Modo (2018), ya Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Hata hivyo haikuitwa kwa ugonjwa wake. Iliitwa kwa ndoto yake ya kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu.

Basi tukaitazama filamu yetu tena bila sauti, kila mmoja akaandika kitu kimoja kilichomkaa akilini. Karibu wote tuliandika mwavuli. Tukagundua jambo ambalo hata aliyeshika simu hakulikusudia: kwa sababu mwavuli ni mdogo, Mutua analowa bega la kushoto na Barasa analowa bega la kulia. Hakuna aliyekauka, hakuna aliyelowa chepechepe. Tukaiita "Mwavuli Mmoja".

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukitaka kuipa filamu yako anwani, jiulize haya:
1. Je, anwani hii ni ya filamu hii pekee, au inaweza kuwa ya nyingine yoyote?
2. Je, inamwachia mtazamaji swali?
3. Je, imetoka katika kitu kinachoonekana kwenye filamu?
4. Je, yule anayesimuliwa anaweza kuisoma mbele ya watu bila kuinamisha kichwa?

Mimi nilikuwa nimelisahau swali la nne, na sasa ndilo ninaloanza nalo.

Bango letu liliandikwa na yule yule mwenzetu aliyeigiza Mutua. Aliandika "MWAVULI MMOJA" kwa herufi kubwa za buluu, akalibandika getini mwenyewe. Kalamu yangu inaishia hapo.