Kufundisha Njia ya Umeme kwa Taa za Ziada za Pikipiki

Ndugu mwalimu mwanafunzi, katika pwani ya Kilwa na Lindi hewa ya chumvi huharibu upesi viungo vya nyaya. Taa za ziada za pikipiki zikizimika, wengi hununua balbu mpya kwa kubahatisha. Somo hili lamzoeza mtoto kupima.

Zana: pikipiki iliyozimwa injini, balbu ya majaribio ya volti 12 yenye nyaya mbili.

Hatua:
1. Wanafunzi wachore njia ya umeme: betri, fyuzi, swichi, taa, kisha kurudi betri kupitia fremu.
2. Washa ufunguo na swichi. Unganisha waya mmoja wa balbu na ncha hasi ya betri. Kwa waya wa pili gusa kila kiungo kwa zamu. Mwanafunzi atabiri kwanza. Balbu isipowaka, hitilafu i kati ya hapo na kiungo kilichotangulia.
3. Ikiwaka hadi kwenye taa, kagua balbu ya taa, kisha kutu palipofungwa waya wa fremu.

Tahadhari: waya usitumike badala ya fyuzi; pikipiki yaweza kuungua.

Tathmini: aliyetabiri vibaya asikemewe, aeleze kipimo kilivyomsahihisha.