Baada ya umio kubadilishwa, uchunguzi uendelee

Vikundi vingi hujipatia kipato kwa kutengeneza sabuni. Kostiki soda ikiyeyushwa na kuwekwa katika chupa ya maji, mtoto hudhani ni kinywaji. Funda moja linaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu huziba njia.

Kwa kawaida madaktari hujaribu kwanza kuipanua njia hiyo. Ikishindikana, wanaweza kuchukua kipande cha utumbo mpana pamoja na mishipa yake ya damu, wakakipandisha kifuani na kukiunganisha juu na umio uliobaki, chini na tumbo. Upasuaji huu ulielezwa mwaka 1911 na madaktari Kelling wa Ujerumani na Vulliet wa Uswisi. Mtoto aliyekuwa akilishwa kwa mpira hurudi kula ugali na wenzake. Nyumbani watu hufurahi, na hospitali husahauliwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Utumbo mpana ukihamishiwa kifuani haugeuki kuwa umio. Ngozi yake ya ndani hubaki ile ile. Unaweza kuota vinyama vidogo ambavyo wataalamu huviita polipu, na baadhi yake, baada ya miaka mingi, hugeuka saratani. Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za wagonjwa waliopatwa na jambo hili, wengine miongo kadhaa baada ya upasuaji. Visa hivyo ni vichache, na hatumshauri mtu yeyote akatae upasuaji kwa sababu hiyo. Mtoto asiyeweza kumeza anahitaji kula leo.

Kwa aliyeunguzwa na kostiki, tunaona jambo la kuangaliwa zaidi ni umio wa zamani. Madaktari wengine huuondoa. Wengine huuacha kifuani ukiwa umefungwa, kwa kuwa kuutoa penye makovu kuna hatari zake. Hata ukiondolewa, mara nyingi kipande cha juu hubaki. Umio ulioungua hupata saratani kwa urahisi kuliko umio mzima, nayo huja polepole, mara nyingi miaka 30 hadi 40 baadaye. Aliyekunywa akiwa na miaka 4 atakuwa mtu wa makamo, na huenda mama aliyempeleka hospitali ameshafariki. Tena umio uliofungwa haupitishi chakula, hivyo saratani ikianza humo, dalili ya kukwama chakula huenda isionekane mapema.

Mtu aliyezoea kumeza kwa shida huvumilia mno. Chakula kikikwama kuliko zamani, uzito ukipungua, sauti ikikwaruza, kifua kikiuma, akitapika damu au kupata choo cheusi, asiseme ni kovu la siku zote wala vidonda vya tumbo. Aende apimwe.

Mwaka 2006 chama cha Marekani cha wataalamu wa kipimo cha kamera kilishauri walioungua kwa kemikali waanze kupimwa miaka 15 hadi 20 baada ya ajali, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Kwetu kipimo hiki kiko mbali na wengi, na gharama yake si ndogo. Ndiyo maana wenye historia hii wapewe nafasi mapema. Kamera ya kupitia njia ya haja kubwa haikioni kipande kilichoko kifuani. Ya mdomoni hukiona, lakini haifiki katika umio uliofungwa pande zote. Huo huhitaji picha ya CT. Daktari asipoambiwa, hawezi kujua. Tumbaku na pombe huongeza hatari ya saratani ya umio, kwa hiyo ziachwe.

Wazazi, kabla ya kutoka hospitalini ombeni maandishi: mtoto aliungua mwaka gani, alipasuliwa lini, kiungo gani kilitumika, na je, umio wa zamani uliondolewa au uliachwa? Karatasi hiyo ikae pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mtoto akikua akabidhiwe mwenyewe.