Je, Dhambi Zote ni Sawa kwa Wakristo?



Katika Mji Mkongwe wa Unguja mambo ya dini huzungumzwa barazani, kahawa ikipita. Siku moja nilikuwa nimeketi katika baraza moja karibu na Mkunazini, na mzee mmoja alikuwa akimlaumu jamaa yake aliyeaminiwa nyumba ya mayatima, akala kodi yake miaka mingi bila kuwapa wenyewe hata senti moja. Yule jamaa hakukana. Alijibu tu: "Sote tu wakosaji, Mzee. Wewe hujapata kusengenya? Dhambi ni dhambi." Kijana mmoja Mkristo, jirani yao, mtu wa adabu, akasema kwa upole: "Hata kanisani kwetu mhubiri hufundisha hivyo, kwamba mbele ya Mungu hakuna dhambi kubwa wala ndogo." Kisha akanigeukia mimi: "Sheikh, ninyi mnaosoma vitabu vyetu, je, ndivyo visemavyo?"

Swali hili lastahili jibu kamili, kwani si la maneno matupu: ndani yake mna haki ya mayatima. Mwalimu wetu katika chuo cha dini nilikosoma ng'ambo alikuwa akituonya kwamba itikadi ya watu haichukuliwi kinywani mwa mpita njia, bali katika vitabu vyao na kwa wanavyuoni wao. Basi na tufuate njia hiyo.

Hoja za wasemao kuwa zote ni sawa

Wasemao hivyo wana hoja, na si uadilifu kuzificha. Kwanza, Yakobo katika waraka wake (2:10) asema kwamba mwenye kushika amri zote, kisha akavunja moja, huhesabiwa kuwa amevunja sheria nzima. Pili, Paulo awaandikia Warumi (3:23 na 6:23) kwamba wanadamu wote wamekosa, na kwamba malipo ya dhambi ni mauti, wala hataji daraja. Tatu, Nabii Isa a.s. katika Mathayo, sura ya 5, aifungamanisha hasira na uuaji, na jicho la tamaa na uzinzi.

Kutokana na maneno haya wahubiri wengi, hasa wale wa uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, husisitiza kwamba mwenye dhambi moja na mwenye dhambi elfu wote wahitaji wokovu ule ule. Na katika jambo hili wana haki: hakuna awezaye kujiokoa kwa kusema, "Mimi si mwovu kama fulani." Lakini kuhitaji msamaha sawa ni jambo moja, na uzito wa kosa ni jambo jingine. Wagonjwa wawili huenda kwa tabibu mmoja, mmoja ana mafua na mwingine ana kichaa cha mbwa. Wote wahitaji tabibu, lakini nani atasema kuwa maradhi yao ni sawa?

Injili zasemaje?

Tukizifungua Injili twakuta ushahidi ulio wazi. Katika Yohana 19:11 Isa a.s. amwambia Pilato kwamba yule aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa zaidi. Penye "kubwa zaidi", lazima pawe na iliyo ndogo. Katika Mathayo 23:23 awakemea waandishi na Mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wameacha yaliyo mazito zaidi katika sheria, yaani haki, rehema na uaminifu. Mtu wa Unguja, anayejua thamani ya viungo, atauelewa mfano huu upesi: usipime bizari kwa uangalifu huku unadhulumu watu.

Tena katika Luka 12:47-48 mtumishi aliyejua mapenzi ya bwana wake akaasi hupigwa sana, na asiyejua hupigwa kidogo. Katika Marko 3:28-29 iko kufuru moja isiyosamehewa, ambapo nyingine zasamehewa. Na Waraka wa Kwanza wa Yohana (5:16-17) wagawa waziwazi: iko dhambi ya mauti na iko isiyo ya mauti.

Torati nayo, ambayo Wakristo huisoma kama Agano la Kale, yapima makosa kwa adhabu zake. Katika Kutoka 22:1 mwizi wa ng'ombe aliyemchinja au kumwuza hulipa ng'ombe watano. Lakini katika Kutoka 21:16 mwenye kuiba mtu akamwuza, adhabu yake ni kifo. Wizi huu na wizi ule haukuwekwa katika mizani moja.

Wanavyuoni wao walivyofahamu

Wazo la kwamba makosa yote ni sawa ni la zamani kuliko Ukristo. Lilifundishwa na wanafalsafa wa Kiyunani walioitwa Wastoiki. Mnamo mwaka 415 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia mwanachuoni Yeronimo waraka mzima kuhusu lile neno la Yakobo. Hakukubali rai ya Wastoiki. Alieleza kwamba sheria yote husimama juu ya upendo, basi avunjaye amri moja huukosea upendo ulio mzizi wa zote, lakini watu hukosa zaidi au kupungua kwa kadiri ya kosa lenyewe.

Kanisa Katoliki, ambalo waumini wake wa Unguja husali katika kanisa la Minara Miwili, hugawa dhambi mafungu mawili: dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Katekisimu yake ya mwaka 1992 yataja masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe anajua, na atende kwa hiari yake kamili. Mtaguso wa Trento ulikwisha agiza mwaka 1551 kwamba dhambi za mauti ziungamwe moja moja kwa padri.

Waprotestanti waliukataa mgawanyo huo wakisema kila dhambi yastahili ghadhabu ya Mungu. Hata hivyo, Katekisimu Fupi ya Westminster ya mwaka 1647, ambayo ni msingi wa mafundisho ya Wapresbiteri, yasema kwamba dhambi hazilingani kwa ubaya wake. Na ile Katekisimu Kubwa yaeleza vinavyozidisha ubaya huo: cheo na elimu ya mtendaji, nani aliyetendewa, hasa akiwa mnyonge, na kama fidia yawezekana au haiwezekani. Basi yule mhubiri wa kijana wetu amechukua nusu ya mafundisho, akaiacha nusu.

Ushahidi wa Mkunazini

Ndugu msomaji, kutoka barazani pale tuliweza kuuona mnara wa Kanisa Kuu la Anglikana. Mahali lilipo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash bin Said kutia sahihi mkataba na Waingereza. Msingi wa kanisa uliwekwa mwaka huo huo, na Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa humo. Husimuliwa kwamba madhabahu ipo pale ulipokuwa mti wa kupigia watumwa viboko.

Nilimwambia kijana: "Wazee wa kanisa lile wangaliweza kujenga popote. Kwa nini wakachagua pale? Kwa sababu waliamini kwamba lililotendeka pale halikuwa kosa kama makosa mengine." Naye Askofu Frank Weston, aliyeongoza dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 hadi 1924, alichapisha mwaka 1920 kijitabu cha kupinga kazi za lazima walizotwishwa Waafrika na serikali ya taifa lake mwenyewe. Mtu aonaye dhambi zote kuwa sawa hawezi kusimama hivyo.

Wala sisi Waislamu tusisimame mbali tukitazama. Wengi waliouza na kununua sokoni pale walijiita Waislamu, kama vile Wafaransa Wakristo wa Morisi na Réunion walivyonunua watumwa katika pwani hii katika karne ya 18. Kila mmoja alikuwa na kitabu kilichomfundisha rehema.

Na sisi je?

Kurani Tukufu, katika sura za Nisaa, Shura na Najm, yatofautisha madhambi makubwa na makosa madogo, na kumwahidi rehema anayejiepusha na yale makubwa. Na Mtume Muhammad s.a.w. alihesabu mambo saba yaangamizayo. Katika hayo, pamoja na ushirikina na kuua nafsi, alitaja kula mali ya yatima. Kusengenya ni uovu, na mzee yule atubu kama amesengenya. Lakini kusengenya kwa mzee hakulipi kodi ya mayatima.

Hapa ndipo penye hatari ya maneno yale. Asemaye "dhambi zote ni sawa" kwa kujinyenyekeza mbele ya Mungu amesema neno la kheri. Asemaye hivyo mbele ya aliyemdhulumu, ataka kulificha deni lake katika makosa ya wengine.

Yule jamaa aliuliza, macho yakiwa chini: "Basi nifanyeje?" Nikamwachia kijana ajibu kwa kitabu chake, naye akakumbuka habari za Zakayo, mtoza ushuru, katika Luka, sura ya 19. Zakayo hakusema kwamba watu wote ni wakosaji. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Nami nikaongeza kwamba katika Uislamu pia toba ya haki ya mtu haitimii mpaka haki yake irudi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuyaogopa makubwa, kutoyadharau madogo, na kurudisha haki za wanyonge kabla ya siku isiyofaa mali wala watoto. Amin.