Komini, shule na maji: sheria inasema nini, nasi tuulize nini?

Somo kwa familia zilizokimbia makwao na kwa viongozi wa kartie, Likasi

Katika vikao vyetu vya amani hapa Likasi maswali mawili yanarudi kila mara. Familia iliyofika kutoka Mitwaba, Pweto au Kasai inauliza: je, nasi tuna haki katika komini hii? Mwenyeji naye anauliza: shule imejaa, kisima ni kimoja, fedha za madini hatujaziona, sasa tutagawana nini na wageni? Maswali yote mawili ni ya kweli. Yakiachwa bila jibu yanageuka kuwa maneno ya kabila, na mji wetu unajua maneno hayo yanafikia wapi. Mwaka 1992 na 1993, siasa ilipowatenga watu wa asili ya Kasai, maelfu walitolewa majumbani wakalala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Wako wazee wanaosoma gazeti hili ambao walikuwa pale, upande huu au upande ule.

Kwa hiyo katika somo hili tunafungua sheria zenyewe. Sitazieleza zote. Nachagua zile ambazo kiongozi wa kartie au baba na mama wa familia wanaweza kuzishika mkononi.

Nani anatunga sheria?

Bunge la Kinshasa linatunga sheria za nchi nzima. Bunge la jimbo, Lubumbashi, linatunga sheria za Haut-Katanga, zinazoitwa kwa Kifaransa édits. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 204, inaweka shule za watoto wadogo, za msingi na za sekondari katika mambo ya jimbo, mradi jimbo lifuate kanuni za taifa. Ulinzi wa mazingira uko katika kifungu cha 203, maana yake serikali kuu na jimbo wote wawili wana kazi hiyo. Halafu kuna mji na komini. Likasi ni mji wenye komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008, mji na komini ni mamlaka zenye bajeti yake zenyewe, na zinapaswa kuwa na baraza la kuchaguliwa linalopiga kura juu ya bajeti hiyo.

Hapo ndipo penye shimo. Chini ya Katiba ya 2006, uchaguzi wa madiwani wa komini ulifanyika mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2023, lakini katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi walipiga kura, Likasi hatukupiga. Meya na burugumestre wetu wanateuliwa. Hakuna diwani uliyemchagua ambaye anaweza kusimama na kuuliza fedha za mwaka huu zimejenga nini. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya manung'uniko mengi tunayoyaita ya kabila: watu hawana mahali halali pa kuuliza, basi wanaulizana wao kwa wao kisimani.

Shule

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Kwa miaka mingi maneno hayo yalibaki kwenye karatasi, na wazazi ndio waliowalipa walimu. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Hapa wazazi wengi wanakosea kitu kimoja, nao ni wageni na wenyeji pia: wanadhani shule iliyo chini ya kanisa ni ya binafsi. Sivyo. Shule zinazoitwa conventionnées, za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu, ni shule za serikali ambazo dini zinazisimamia kwa mapatano. Shule ya msingi ya aina hiyo haina ruhusa ya kukutoza ada. Sekondari ni jambo jingine: huko ada zipo, na kila mwaka gavana anatoa amri (arrêté) inayopanga ni kiasi gani. Kiongozi wa kartie afanye juhudi apate nakala ya amri hiyo. Mzazi akidaiwa fedha, swali la kwanza ni rahisi: je, imeandikwa katika amri ya gavana?

Lakini tuwe wa haki kwa walimu pia. Baadhi yao hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Shule yenye walimu wa namna hiyo inaomba wazazi msaada kwa sababu mwalimu naye ana watoto. Si halali, ila si wizi pia. Ukimfokea direkta mbele ya watu hutapata kitu. Komite ya wazazi iende pamoja naye kwa enspekta kuuliza walimu hao wataandikwa lini.

Na mtoto aliyekimbia bila karatasi? Katiba, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi katika elimu kwa sababu ya kabila, ukoo au mahali mtu anapokaa. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa popote nchini. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinaongeza mambo mawili: serikali iwarudishie waliokimbia karatasi zao bila masharti magumu (kanuni ya 20), na watoto wao wapate elimu ya msingi ya bure (kanuni ya 23). Kanuni hizi si sheria ya kumpeleka direkta mahakamani. Ni hoja ya kuweka mezani. Tumeona mara nyingi kwamba barua ya mkuu wa kartie, inayosema mtoto huyu anakaa kwangu na alisoma darasa fulani, inafungua mlango haraka kuliko mabishano ya saa mbili.

Fedha za madini: hesabu ambayo kila komite inapaswa kuijua

Sasa tufike kwenye jambo zito. Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Kampuni inayochimba inalipa redevance, sehemu ya thamani ya madini inayouza: asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti tangu Novemba 2018. Kifungu cha 242 kinagawa fedha hizo hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali ambapo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tuchukue mfano tu. Kampuni imeuza shaba ya dola 10,000,000. Redevance ni dola 350,000. Jimbo linapata 87,500, na mamlaka ya mahali 52,500. Kama ingekuwa kobalti ya thamani ileile, redevance ni 1,000,000, na mahali panapata 150,000. Fedha hizo haziteremki kutoka Kinshasa. Kampuni inapaswa kuziweka moja kwa moja katika akaunti ya mamlaka husika. Na kwa kuwa mji na komini zote mbili zinahesabiwa kuwa mamlaka za mahali, swali la akaunti ya nani linaleta mvutano. Msiingie katika mvutano huo. Ulizeni tu: zimeingia wapi, ngapi, na zimefanya nini.

Mbali na redevance, kuna njia mbili nyingine. Kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii (katika mfano wetu, dola 30,000). Na inatia sahihi mapatano yanayoitwa cahier des charges, yenye orodha ya shule, barabara, visima au zahanati itakazojenga.

Hapa nawaomba wasomaji waliokimbia makwao wasikilize vizuri, hata kama neno ni chungu. Sheria ya 2018 inaeleza "jamii ya mahali" kwa lugha ya desturi: watu walioungana kwa ukoo na undugu, walioshikamana na ardhi fulani. Aliyefika mwaka jana haingii kwa urahisi katika maneno hayo. Hata mwenyeji wa mjini, ambaye babu yake aliletwa na Union Minière kufanya kazi, haingii vizuri! Kwa hiyo kupigania kiti katika cahier des charges ni njia iliyojaa mawe, na ndipo ugomvi na wenyeji unapozaliwa. Ile asilimia 15 ni tofauti. Inaingia katika bajeti ya umma, na bajeti ya umma ni ya wote wanaokaa katika eneo hilo. Darasa likijengwa kwa fedha hizo, hakuna anayeweza kumwambia mtoto wa Mitwaba kwamba si lake. Ushauri wangu ni huu: wageni na wenyeji waulize pamoja juu ya 15, na wageni wawaachie wenyeji waongoze katika cahier, wakiomba tu kwamba shule na kisima vitakavyojengwa vifungwe kwa mtu yeyote kamwe visifungwe. Wako wenzangu kazini wanaoona ninawaomba wageni waachie mengi mno. Jadilianeni katika kikundi: ninyi mnaonaje?

Maji na hewa

Kifungu cha 53 cha Katiba kinatoa haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inaongeza haki ya kupata habari na ya kushiriki kabla uamuzi haujakatwa. Mradi mkubwa haupaswi kuanza bila uchunguzi wa madhara yake na bila wananchi kusikilizwa. Na sheria ya madini ya 2018 ina kifungu chenye nguvu, 285 bis: kampuni inawajibika kwa madhara ya kazi yake juu ya watu, mali na mazingira hata kama haikufanya kosa wala uzembe. Maana yake si lazima uthibitishe uzembe. Unapaswa kuonyesha madhara, na kwamba yanatoka kwake.

Kwetu hili si jambo la vitabu. Maji yanayotoka upande wa Shituru na Panda yanashuka hadi mto Lufira na ziwa Tshangalele, na samaki wa huko wanarudi sokoni kwetu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa 2009, ulikuta kobalti nyingi sana katika mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto walizidi watu wazima. Familia iliyokimbia hupanga pale penye kodi ndogo, na kodi ndogo ni karibu na vumbi.

Amri peke yake haitoshi, tuliona Shinkolobwe. Januari 2004 machimbo yale yalifungwa kwa amri ya rais. Watu hawakuwa na kazi nyingine, wakaendelea kuchimba, na Julai 2004 udongo uliporomoka ukaua.

Barua yenye nguvu

Kwa kuwa hatuna diwani, tunacho kifungu cha 27 cha Katiba. Kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kukushitaki kwa sababu umepeleka ombi hilo.

Andikeni ukurasa mmoja, kwa Kifaransa chepesi. Ombi moja tu katika barua moja: kwa mfano, kiasi cha redevance kilichopokelewa mwaka uliopita na matumizi yake. Tajeni kifungu cha 27 na cha 242. Sahihi za wenyeji na za waliokimbia zichanganyike kwenye karatasi ileile, zisitengwe safu mbili. Asiyejua kuandika aweke kidole. Toeni nakala mbili, mmoja apelekwe ofisini na nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa yenye tarehe, kisha itunzwe na mtu ambaye hahamihami. Miezi mitatu inahesabiwa kutoka tarehe ya muhuri huo.