Mtoto wa Saba na Hesabu ya Bahati
Mtu aliyepata mabinti sita mfululizo hudhani ya kuwa wa saba hana budi kuwa mvulana. Hesabu haisemi hivyo. Kila uzazi ni kama kurusha shilingi, nayo shilingi haikumbuki jana iliangukaje. Duniani, kwa wasichana 100 huzaliwa wavulana 105 hivi. Basi bahati ni karibu nusu kwa nusu, kila mara. Sasa chukua moja, uigawe nusu mara sita: utapata sehemu moja ya 64. Katika nyumba 64 zenye watoto sita sita, tazamia moja hivi iwe ya wasichana watupu, wala haikurogwa. Na mume amfukuzaye mkewe kwa ajili hiyo afahamu ya kuwa mbegu iamuayo ni yake mwenyewe.