Mtoto Akihara, Usimnyime Maji

Mtoto anapohara, wazazi wengi humpunguzia maji na chakula wakidhani tumbo litafunga. Hilo ni kosa la hatari. Mara nyingi kinachomuua mtoto ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini.

Mpeleke zahanati upewe pakiti za ORS na tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Ukikosa ORS, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Usijaze kupita kiasi, kwani chumvi nyingi humdhuru. Mnyweshe kidogo kidogo kila anapohara, huku ukiendelea kumnyonyesha na kumlisha.

Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitalini.