PAKETI HEWANI: SOMO LA KUPANGA MTANDAO WA REDIO KWA AMRI ZA KONSOLI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wengi katika chama chetu wameandika juu ya methali, ngeli na ushairi. Mimi nimechagua redio. Sababu ni mbili. Kwanza, wako wenzetu wanaosema ati mambo ya kompyuta hayasemeki kwa Kiswahili. Pili, mafuriko ya mwaka 2024 tuliyaona wote hapa Kenya, barabara zikikatika na nyumba zikibebwa na maji. Siku nguzo za simu nazo zikianguka, ujumbe utapita wapi? Iko njia moja ambayo haihitaji nguzo ya kampuni yoyote. Inaitwa redio ya paketi, na tena inaendeshwa na kompyuta zile kuukuu ambazo watu huzitupa stoo.

Humu ndani kitakachokuwa cha kigeni ni amri zenyewe tu, kwa maana mashine haijui lugha nyingine. Maelezo ni yetu.

1. Paketi ni nini?

Tuseme unamwandikia shangazi yako barua ya kurasa kumi. Ukiitia yote katika bahasha moja na bahasha ikapotea, umepoteza kila kitu. Lakini ukitia kila ukurasa katika bahasha yake, ukaandika jina la mpelekewa, jina lako na namba ya ukurasa, basi ukurasa wa nne ukipotea shangazi atakuambia, "Nitumie wa nne." Bahasha hiyo ndogo ndiyo paketi. Kompyuta hukata ujumbe vipande, redio huvirusha hewani, na upande wa pili huviunga tena.

Wazo hili si geni. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, mtandao ukaitwa ALOHAnet. Mwaka 1978 wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaofanya kwa kupenda na si kwa malipo, walirusha paketi mjini Montreal, Kanada. Mwaka 1981 wanaredio wa ridhaa duniani walitengewa namba zote za intaneti zinazoanza na 44, ambazo ni zaidi ya milioni 16. (Robo yake iliuzwa kwa Amazon mwaka 2019, zilizobaki ni zao mpaka leo.) Itifaki yao, yaani kanuni za mazungumzo, inaitwa AX.25. Toleo lake la pili lilichapishwa mwaka 1984.

Kisha mwaka 1985 Mmarekani Phil Karn, ambaye ishara yake ya redio ni KA9Q, alianza kuandika programu iliyokuja kuitwa NOS. Iliiwezesha kompyuta ndogo ya nyumbani kuzungumza lugha ya intaneti kupitia redio. NOS ndiyo somo letu la leo.

2. Vifaa

Vinahitajika vinne: kompyuta, redio, antena, na kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na redio, kiitwacho TNC. Kompyuta hutoa sifuri na moja. Redio inajua sauti tu. Basi kisanduku hugeuza moja na sifuri kuwa milio miwili, wa hezi 1200 na wa hezi 2200. Kasi yake ya kawaida hewani ni biti 1200 kwa sekunde. Ni kasi ya kobe, lakini kobe hufika.

NOS hukitaka kisanduku kiwe katika hali iitwayo KISS. Katika hali hiyo kisanduku hakifikirii lolote, kinapitisha tu, na akili yote inabaki kwenye kompyuta. Kwa visanduku vya aina ya TNC-2 unaandika hivi mbele ya neno cmd:

KISS ON
RESTART

3. Faili ya kuanzia

NOS inapoamka husoma faili iitwayo autoexec.nos, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Unaweza pia kuandika amri zilezile moja moja kwenye konsoli, mbele ya neno net>. Mimi nashauri uanze na konsoli ili uone jibu la kila amri, halafu zile zilizokubali uzitie kwenye faili. Hii hapa faili fupi inayotosha:

hostname shule1
ax25 mycall ISHARA-1
ip address 44.128.0.1
attach asy 0x3f8 4 ax25 ax0 1024 256 9600
param ax0 1 30
param ax0 2 63
param ax0 3 10
ax25 maxframe 1
tcp mss 216
tcp window 432
route add 44.128.0.2 ax0
start telnet

Usitishike. Hebu tuzipitie polepole.

Mstari wa kwanza ni jina la kompyuta yako. Wa pili ni ishara ya kituo. Hapa nimeandika ISHARA kama mfano, na kwa bahati neno hilo lina herufi sita, ambazo ndizo nyingi kabisa zinazokubalika. Namba baada ya kistari huanzia 0 hadi 15, kwa hivyo mwenye ishara moja anaweza kuwa na vituo 16. Mstari huu sharti utangulie ule wa attach. Mtu hujitambulisha kwanza ndipo afungue mlango. Wa tatu ni namba ya intaneti ya kituo.

Mstari wa attach ndio unaotisha wengi, kumbe ni orodha tu. 0x3f8 ni mahali ilipo poti ya kwanza ya kompyuta, na 4 ni kengele ambayo poti hiyo huipiga ikitaka kusikilizwa. (Poti ya pili ni 0x2f8, na kengele yake ni 3.) ax25 ni lugha. ax0 ni jina la utani la njia hii, nasi tutalitumia katika amri nyingine. 1024 ni ukubwa wa kapu la kupokelea baiti zinazoingia. 256 ni ukubwa wa juu wa mzigo wa paketi moja. 9600 ni kasi.

Hapa simama kidogo. Hiyo 9600 ni kasi ya waya kati ya kompyuta na kisanduku. Si kasi ya hewani. Hewani bado ni 1200. Mwanafunzi anayeongeza namba hii akidhani redio itakimbia ni kama mtu anayepanua mlango wa nyumba ili gari liende mbio barabarani.

4. Adabu za hewani

Sasa tumefika kwenye kiini. Masafa ni mamoja, vituo ni vingi, na wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Ile mistari mitatu ya param ndiyo adabu ya mazungumzo.

param ax0 1 30 ni muda wa kungoja baada ya redio kuwashwa kabla ya kuanza kusema. Kila kimoja ni milisekunde 10, kwa hivyo 30 ni milisekunde 300. Redio nyingi hukawia kidogo kutoka kusikiliza hadi kurusha. Ukiweka namba ndogo mno, mwanzo wa paketi unakatika na paketi nzima inaharibika. Ukiweka kubwa mno, unashika masafa bila kusema neno.

param ax0 3 10 ni kipande cha muda, yaani milisekunde 100. Na param ax0 2 63 ni bahati nasibu. Masafa yakiwa kimya, kituo hupiga kura katika kila kipande cha muda: niseme au ningoje? Hesabu yake ni hii: ongeza moja kwenye namba, kisha gawa kwa 256. 63 na 1 ni 64, na 64 kwa 256 ni robo. Kwa hivyo kituo kina nafasi moja kati ya nne ya kusema.

Kwa nini tusiseme papo hapo? Fikiria vituo viwili vinavyongoja cha tatu kimalize. Vyote vikiwa na robo, uwezekano wa kuanza katika kipande kimoja ni robo mara robo, yaani moja kati ya 16. Lakini vyote vikiweka 255, basi kila kimoja kina uhakika wa kusema, na vitagongana kila mara. Mwenye pupa hampiti jirani, anajizuia yeye mwenyewe pamoja na jirani. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali ina hesabu.

Tena kuna vituo visivyosikizana kwa sababu ya kilima kilicho kati yao. Kila kimoja huona masafa yako kimya, kumbe aliye juu ya kilima anawasikia wote wawili wakigongana. Dawa yake ni paketi chache kwa zamu na kungoja vya kutosha. Ndiyo maana ya ax25 maxframe 1: unapozungumza na kituo kwa amri ya connect, tuma moja, ngoja jibu, ndipo utume nyingine. Namba hiyo inaweza kufika 7, lakini kukiwa na kelele, ya kwanza ikipotea hata zilizoifuata hurudiwa.

5. Hesabu ya 216

Namba 216 haikuanguka kutoka mbinguni. Mzigo wa paketi ni baiti 256. Anwani za intaneti na maagizo yake huchukua baiti 20, na maagizo ya TCP huchukua 20 nyingine. 256 ukitoa 40 zinabaki 216 za maneno yako. Na 432 ni 216 mara mbili, yaani vipande viwili vinaweza kuwa njiani bila jibu.

Je, mzigo wa paketi iliyojaa huchukua muda gani? Baiti 256 mara 8 ni biti 2048. Gawa kwa 1200, unapata kama sekunde 1.7. Ukitaka kutuma herufi moja peke yake, itabeba baiti 40 za hapo juu na nyingine 20 za AX.25, jumla 61. Hizo ni biti 488, kama sekunde 0.4, na bado hujaongeza zile 0.3 za kungoja redio. Herufi moja, sekunde 0.7! Basi sema kwa sentensi, usiseme kwa herufi.

Hapo ndipo Phil Karn alipokuna kichwa. Paketi ikikawia, kompyuta huirudia. Jibu likija, je, ni la ile ya kwanza au la marudio? Huwezi kujua, kwa hivyo ukilitumia kupima muda wa safari utadanganyika. Kanuni yake ni kwamba usipime kwa paketi iliyorudiwa, na kila unaporudia ongeza muda wa kungoja. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1987, naye alikuwa mmoja wa waandishi wawili. Leo imo ndani ya TCP ya kila simu mfukoni mwenu. Adabu ya wanaredio wa ridhaa imekuwa adabu ya intaneti nzima.

6. Kujaribu bila redio

Sikilizeni kwa makini. Kurusha bila leseni ni kosa. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ishara za wanaredio wa ridhaa huanza na 5Z4. Usitunge ishara yako wala usiazime ya mtu.

Lakini kujifunza hakuhitaji kurusha. Chukua kompyuta mbili kuukuu zenye poti za pini tisa. Ziunge kwa waya tatu: pini ya 2 ya huku iende 3 ya kule, 3 iende 2, na 5 iende 5. Kompyuta ya pili ipe ISHARA-2 na 44.128.0.2, na njia yake ielekee 44.128.0.1. Waya umeshika nafasi ya hewa. Kisha kwenye konsoli ya kwanza andika:

trace ax0 111
ping 44.128.0.2

Amri ya trace hukuonyesha kila paketi inayotoka na inayoingia. Ikiwa zinatoka tu na hakuna inayorudi, kagua waya, kisha kasi ya pande zote mbili. Ikiwa hata kutoka hazitoki, kagua mstari wa route. Ikiwa zinarudi zikiwa takataka, kasi hazilingani. Ping ikijibu, andika telnet 44.128.0.2. Ukitaka kurudi kwenye konsoli, bonyeza F10. Ukimaliza kabisa, andika exit.

7. Maswali ya kujipima

(a) Param ya kwanza ikiwa 40, kituo kitangoja muda gani?
(b) Param ya pili ikiwa 127, nafasi ya kusema ni ngapi?
(c) Mzigo wa paketi ukiwa 128, mss itakuwa ngapi?

Majibu: (a) milisekunde 400, (b) nusu, (c) 88.

Kimbunga Katrina kilipoangusha simu kusini mwa Marekani mwaka 2005, wanaredio wa ridhaa walikuwa miongoni mwa waliobeba ujumbe. Hawakujifunza siku ile. Walikuwa wamejifunza zamani, siku za kawaida, wakati wenzao wakiwauliza mchezo huo una faida gani. Basi mwenye kompyuta kuukuu nyumbani asiiuze kwa mwenye chuma chakavu. Ailete shuleni, tutafute waya wenye nyuzi tatu, tuanze.